Wiki mbili ng'ambo: kasoro si ufupi wa kozi

Shule za biashara zimebadilisha namna zinavyompeleka mwanafunzi ng'ambo. Zamani aliyetaka kuonja masomo ya nchi nyingine alikwenda muhula mzima au mwaka, akapanga chumba, akajiandikisha kama mwanafunzi mgeni na kurudi na matokeo yake mkononi. Siku hizi mwanafunzi wa uzamili anapewa kozi ya wiki moja au mbili. Darasa zima linaondoka na mhadhiri wake, asubuhi ni mihadhara, mchana ni kutembelea makampuni, jioni ni kuandaa mawasilisho, na mambo yakiisha krediti zinaingia kwenye shahada. Harvard iliiingiza safari ya namna hii katika mwaka wa kwanza wa MBA yake, yaani shahada ya uzamili ya biashara, kuanzia darasa lililoingia mwaka 2011. Mwaka 2012 shule ya menejimenti ya Yale ikaongoza kuundwa kwa mtandao wa vyuo 21 vya biashara, Chuo Kikuu cha Ghana kikiwemo, na haukupita muda vyuo hivyo vikaanza kupokezana wanafunzi kwa wiki moja moja. Umoja wa Ulaya nao, katika awamu ya 2021 hadi 2027 ya Erasmus+, mpango wake wa kufadhili masomo ya nje, umeitambua rasmi kozi ya siku 5 hadi 30 na kuitengea fedha.

Mabadiliko haya yamepokelewa kwa sauti mbili. Wapo wanaoyabeza: huu ni utalii wenye cheti, wanasema, wiki mbili hazimfundishi mtu nchi. Wapo wanaoyashangilia kama uzoefu wa kimataifa uliopatikana kwa bei nafuu na bila kuacha kazi. Ukisikiliza vizuri, wote wanabishania kitu kimoja, nacho ni idadi ya siku. Kwa mtazamo wangu wote wanaangalia pasipohusika. Kozi fupi hufaulu au hufeli kwa mambo mawili yaliyo nje ya safari yenyewe: swali alilokuwa nalo mwanafunzi kabla hajaondoka, na mahali atakapolitumia jibu akirudi. Mwanafunzi wa shahada ya juu, ambaye tayari ana tasnifu, au kazi, au vyote viwili, ndiye anayeweza kunufaika kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Ndiye huyo huyo, kwa bahati mbaya, ambaye mara nyingi huchagua kozi kwa kuangalia jina la jiji.

Tuanze na kanuni, maana zinasema jambo ambalo vipeperushi vya kozi havilisemi. Barani Ulaya krediti moja ya ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo, huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na kozi fupi za Erasmus+ zinazochanganya safari na masomo ya mtandaoni zinatakiwa kutoa krediti zisizopungua 3. Hiyo ni kazi ya saa 75 hadi 90. Mwanafunzi akikaa ugenini siku 5, akasoma saa 8 kila siku bila kukosa, amefikisha saa 40. Zilizobaki ni za kabla ya safari au baada yake. Marekani hesabu ni nyingine lakini inafika palepale: krediti moja ni takribani saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15 hivi, yaani saa 45, kwa hiyo kozi ya krediti 3 inadai saa 135. Siku 10 za saa 8 ni saa 80. Saa 55 zitafutwe kwingine. Waliotunga kanuni hizi hawakuichukulia safari kuwa ndiyo kozi; kwao ni kipande chake. Sasa fungua tangazo la kozi yenyewe. Karibu kurasa zote ni za kipande hicho: ratiba ya siku kwa siku, picha za maghorofa, nembo za makampuni yatakayotembelewa. Zile saa nyingine zimepewa mstari mmoja chini kabisa, kwamba wanafunzi watasoma makala kadhaa kabla ya kuondoka na kuandika tafakuri wakirudi. Kozi nyingi huharibikia kwenye mstari huo, hata tiketi hazijakatwa.

Wazo la kwenda kujifunza biashara ya watu kwa wiki chache si la juzi, na historia yake inasaidia kuona tofauti ninayoisema. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza na Marekani ziliunda baraza la pamoja la tija mwaka 1948. Hadi linafunga shughuli zake mwaka 1952, timu 66 zilikuwa zimeshatumwa ng'ambo ya Atlantiki kuangalia kwa nini mfanyakazi wa kiwanda cha Marekani alizalisha kuliko mwenzake wa Uingereza. Zilikuwa timu zilizopangwa vizuri: meneja, fundi na mfanyakazi wa kawaida katika msafara mmoja. Walitembea wiki chache, wakarudi, wakaandika ripoti, na ripoti zikasomwa sana. Kama zilibadilisha chochote viwandani, wanahistoria wa uchumi wanabishana mpaka leo. Waliotumwa walikuwa na macho na kalamu. Walikorudi, mameneja na vyama vya wafanyakazi walikuwa na sababu zao za kuendelea kama walivyozoea, na ripoti haina mkono wa kumshika mtu.

Linganisha na Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliyezuru Marekani mwaka 1956. Alikwenda kuona viwanda vya magari, na aliviona. Kilichomkaa kichwani lakini ni supamaketi: mteja anachukua anachohitaji, kwa kiasi anachohitaji, kisha rafu inajazwa kufuatana na kilichoondoka. Maelfu ya wageni walipita kwenye maduka hayo na kuona wingi wa bidhaa. Ohno aliona mfumo wa kiwanda, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akihangaika karakanani na swali moja, namna ya kuifanya hatua ya mbele ya uzalishaji iende kuchukua vipuri kwenye hatua ya nyuma, badala ya kurundikiwa vipuri isivyovihitaji. Swali hakulipata Marekani. Alilibeba kwenda nalo, na alikorudi kulikuwa na karakana iliyokuwa ikimsubiri.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, haumhusu mhandisi wala msomi. Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari cha Fremont, California, kiwanda kilichokuwa na sifa mbaya ya utoro kazini na migogoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa jina la NUMMI, ubia wa General Motors na Toyota, na sehemu kubwa ya wafanyakazi walioajiriwa ni wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kile kile. Viongozi wa vikundi walipelekwa Japani, kwenye kiwanda cha Takaoka, kwa wiki chache. Hawakwenda kutembezwa. Walisimama kwenye mstari wa uzalishaji bega kwa bega na Wajapani waliokuwa wakifanya kazi ileile watakayoifanya wao, wakajifunza kwamba mfanyakazi akiona kasoro ana ruhusa ya kuvuta kamba na kuusimamisha mstari, na kwamba kiongozi wake huja mbio kumsaidia, bila kumgombeza. Waliporudi Fremont kamba ilikuwa imeshafungwa, tayari kuvutwa. Muda si mrefu magari yao yakawa na ubora wa kulinganishwa na yale ya Japani, jambo ambalo lingechekwa na yeyote aliyekijua kiwanda hicho kabla. Wiki chache zilitosha.

Upande wa pili wa kisa hicho una funzo zaidi. General Motors ilikuwa na mameneja wake ndani ya NUMMI, na hao hawakukaa wiki chache. Wengine walikaa miaka. Walipotawanywa kwenye viwanda vingine vya kampuni, mmoja huku na mwingine kule, walikuta hakuna kamba, hakuna vikundi, hakuna mkubwa aliyetaka mstari usimame. Jitihada za kuhamishia mbinu hizo kiwanda cha Van Nuys, hapohapo California, hazikushika, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992. Hapa tuna mtu aliyekaa sana na kurudi patupu, na mtu aliyekaa kidogo na kurudi akabadilisha kazi yake. Anayepima kozi kwa urefu hana maelezo ya tofauti hii.

Wakosoaji watanijibu kwamba wafanyakazi wa Fremont walikwenda kujifunza kazi moja mahususi, ilhali mwanafunzi wa biashara anakwenda kujifunza soko zima. Jibu hilo lina uzito, ila linaangukia upande wangu. Nani alisema mwanafunzi aende kujifunza soko zima? Mwaka 2001 Pankaj Ghemawat, profesa wa mikakati ya biashara, aliwakosoa mameneja waliozoea kupima soko la nje kwa idadi ya watu na vipato vyao pekee, akawataka wapime pia umbali wa aina nne: wa kiutamaduni, wa kiutawala, wa kijiografia na wa kiuchumi. Mpango huo hutumiwa sana darasani kuchambua makampuni. Mimi ningeutumia kuchambua kozi fupi zenyewe, kwa sababu si kila umbali unapimika kwa wiki mbili. Wa kijiografia hauhitaji safari. Ramani na takwimu za mizigo zinatosha. Wa kiuchumi sehemu kubwa umo kwenye takwimu, ingawa kuona kwa macho namna bidhaa inavyofungashwa na kuuzwa kidogo kidogo kwa wenye kipato cha chini hukupa wazo ambalo jedwali halikupi. Wa kiutamaduni ndio unaotangazwa kuliko yote na ndio usioshikika kwa muda mfupi. Wiki mbili humpa mtu maoni juu ya utamaduni wa watu, na maoni ya aina hiyo ni hatari zaidi kuliko kutojua, maana mwenye nayo haulizi tena.

Umbali wa kiutawala ndio uwanja wa kozi fupi. Sheria ya forodha unaweza kuisoma ukiwa kwenu. Namna inavyotekelezwa dirishani, karatasi ipi hungoja karatasi ipi, mkataba unaheshimiwa kwa mahakama au kwa kuogopa kupoteza jina, muuzaji mdogo analipwa baada ya siku ngapi na kampuni kubwa, hayo huyapati kwenye hifadhidata. Watu wanayajua, wanayazungumza wakiulizwa ana kwa ana, na hawayaandiki. Wiki moja ya kuuliza watu sahihi swali moja la namna hiyo inaweza kuzaa kitu ambacho hata mkazi wa miaka mingi hajawahi kukikusanya mahali pamoja.

Niliwahi kukaa kwenye ziara ya darasa katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Ofisa uhusiano alikuwa na slaidi nzuri, ramani yenye mishale kila upande. Mwanafunzi mmoja, mhandisi aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya mnyororo wa ugavi, akauliza: kontena likishushwa linakaa siku ngapi kabla halijatoka, na gharama za siku hizo ni za nani? Ofisa akamtazama kijana wa idara ya forodha aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye nadhani alikuja kuwasha projekta tu. Kijana akachukua kalamu, akaenda kwenye ubao mweupe na kuchora visanduku: nyaraka inaingia hapa, inakwama hapa, ikikwama hapa mteja analipa, ikikwama pale tunalipa sisi. Alipomaliza, hakuna aliyekumbuka kurudi kwenye slaidi. Nusu ya darasa walikuwa kwenye simu zao. Mhandisi aliupiga ubao picha mara tatu kwa hofu isije ikatoka na mwangaza.

Kisa hicho kinagusa hoja nzito kuliko zote za wakosoaji, kwamba ziara za makampuni ni maonyesho. Ni kweli. Kiwanda kinachopokea wageni kimechora mstari wa njano sakafuni, na mgeni hutembea juu yake akiwa na koti la kuakisi mwanga na kisikizi sikioni. Anachokiona kimechaguliwa. Anayempokea ameajiriwa kwa kazi hiyo. Tena kozi nyingi huendeshwa kwa Kiingereza hata katika nchi ambazo biashara haifanywi kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hukutana na kundi dogo la wafanyakazi waliosoma nje, na hao wanafanana naye kuliko wanavyofanana na mteja wa kampuni yao. Sina jibu la kuiondoa hoja hii. Ninachosema ni kwamba onyesho hupasuka likigongwa na swali mahususi, kama lilivyopasuka siku ile, na swali mahususi halizaliwi kwenye basi asubuhi ya ziara.

Wakosoaji wanayo pia hoja dhaifu, na hiyo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba yote haya yanaweza kufanywa kwa video. Hilo lilijaribiwa, bila hiari ya mtu. Mwaka 2020 safari zilifutwa duniani kote na shule zikahamishia kozi hizi mtandaoni; wanafunzi wakafanya miradi na makampuni ya nchi za mbali wakiwa vyumbani mwao. Mihadhara ilihamia bila shida, na sioni sababu ya kumlipia mtu nauli akasikilize mhadhara. Kilichokosekana ni yule kijana wa mlangoni. Kikao cha video kina orodha ya walioalikwa, na kila aliyealikwa amejiandaa. Mtu asiyealikwa, anayejua mambo kwa sababu ndiye anayeyafanya, hana pa kuingilia. Kwa hiyo jaribio lile lilitusaidia: lilionyesha kipi kibaki mtandaoni na kipi kifuatwe kwa miguu. Inashangaza jinsi kozi nyingi zilivyorudi kwenye ratiba ileile ya zamani, mihadhara asubuhi hotelini, kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa upande wa wanaoshangilia, hoja yao bora ni ya fursa, na naikubali. Mtu mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye maabara inayohitaji kuangaliwa kila siku, hawezi kuondoka muhula mzima. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya wanafunzi wanaokwenda kusoma nje huenda kwa muda mfupi, wakati wa likizo ya kiangazi au kwa wiki 8 na pungufu, na wengi wao bila mlango huo wasingekwenda kabisa. Anayetaka kozi fupi zifutwe aseme waziwazi kwamba masomo ya nje yawaachiwe vijana wasio na majukumu.

Hoja yao mbovu ni ile ya watu utakaofahamiana nao na mstari utakaouongeza kwenye wasifu wako wa kazi. Watu wenyewe ni akina nani? Mwanafunzi wa kozi ya namna hii hula, hulala na hupanda basi na wanafunzi wenzake, wengi kutoka chuo chake mwenyewe. Wenyeji hukutana nao kwa saa moja, akiwa mmoja kati ya thelathini, na kadi ya biashara anayopewa ndiyo hiyohiyo waliyopewa wote. Kufahamiana kunakozaa kazi huanza pale watu wawili wanapodaiana kitu: data uliyoahidi kutuma, rasimu uliyoombwa kuisoma. Aliyekwenda bila swali hana cha kuahidi. Na kuhusu wasifu, mwajiri anayefanya mahojiano atauliza ulifanya nini kule, na wiki ya ziara nane hujibika kwa sentensi mbili. Nasikitika kuona waratibu wa kozi wakiitanguliza hoja hii mbele ya nyingine zote, kwa sababu inamfundisha mwanafunzi kuitazama safari kama kitu cha kumiliki.

Lipo jambo lingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni pasipoti. Kozi ya siku 10 inaweza kudai maandalizi ya miezi kwa mwanafunzi mmoja na dakika chache kwa anayeketi kiti cha jirani. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, mwenye kuhitaji viza ya muda mfupi anatakiwa kuomba si chini ya siku 15 kabla ya safari na si zaidi ya miezi 6, awe na bima ya afya ya safari inayofika euro 30,000, na angoje uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Marekani haimruhusu mwenye viza ya matembezi kusoma kozi inayohesabiwa kwenye shahada, hata iwe fupi namna gani. Anahitaji viza ya mwanafunzi. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kusoma hadi miezi 6 kwenye taasisi iliyoidhinishwa. Tofauti hizi zinaamua nani anaweza kujiunga na kozi iliyotangazwa wiki sita kabla. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha kwa wiki kadhaa kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, na mwanafunzi wa kozi ya muhula aliweza angalau kutumaini kuchelewa kufika. Kozi ya wiki mbili haina kuchelewa. Ikikupita imekupita, na ada ya maandalizi aghalabu hairudi. Chuo kinachoifanya safari kuwa sharti la kuhitimu bila kuweka njia mbadala yenye uzito uleule kimewawekea wanafunzi wake mitihani miwili tofauti.

Tukija kwa mwanafunzi wa shahada ya juu mwenyewe, hasa wa fani isiyo ya biashara, ninayoyasema yanageuza utaratibu wa kuchagua. Mtafiti wa afya ya jamii anayetaka kujua kwa nini kifaa fulani cha bei nafuu hakifiki zahanati, au mtaalamu wa kilimo anayechunguza mikopo ya pembejeo, ana faida ambayo mwanafunzi wa MBA wa mwaka wa kwanza hana: amekwisha kukwama mahali. Kukwama huko ndiko mtaji wake. Aanze na sura ya tasnifu isiyokwenda, atafute ni nchi gani tatizo hilo limetatuliwa kwa njia nyingine au limeshindikana kwa njia ya kufundisha, kisha ndipo atafute kozi inayofika huko. Huenda jiji likawa la kuchosha na lisilo na picha za kupendeza. Huenda pia akagundua hakuna kozi inayofaa, na kwamba fedha zile zingemfaa zaidi kwa safari ya peke yake ya kukusanya data, kama chuo kinaruhusu. Hilo nalo ni jibu.

Msimamizi wa tasnifu ana nafasi yake hapa, ingawa kwa kawaida hupata habari wakati wa kutia saini fomu ya ruhusa. Wasimamizi wengi huiona kozi fupi kama mapumziko yaliyopewa jina la heshima, na kwa jinsi kozi zilivyo siwalaumu. Lakini msimamizi akiulizwa mapema, ndiye mwenye uwezo wa kukataa swali pana na kulipunguza hadi libaki kitu kinachoulizika ndani ya ofisi ya mtu mwingine kwa dakika ishirini. Kazi hiyo ya kupunguza ndiyo ingejaza zile saa 55 za kabla na baada, kuliko makala tano na tafakuri ya kurasa mbili kuhusu nilivyobadilika.

Halafu kuna mwenyeji, ambaye katika mjadala huu hatajwi kabisa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kampuni inayopokea msafara mmoja baada ya mwingine, ikaulizwa maswali yaleyale ya jumla kuhusu mikakati na ubunifu, haiponi chochote. Inapoteza asubuhi ya watu wake, na mwishowe inawakabidhi wageni kwa ofisa uhusiano na slaidi zake. Maonyesho tunayoyalalamikia yametengenezwa na wageni kwa kiasi kikubwa. Msafara unaorudisha kitu, hata ripoti ya kurasa tano inayomwonyesha meneja namna wauzaji wake wadogo wanavyouona utaratibu wa malipo, hupokelewa tofauti mwaka unaofuata. Na kwa kuwa vyuo hutuma darasa jipya kila mwaka kwenye makampuni yaleyale, ni ajabu kwamba darasa la mwaka huu aghalabu halioni kazi ya darasa la mwaka jana.

Kwa vyuo, maana yake ni kupunguza ziara na kuongeza madai. Ziara tatu ambazo kila mwanafunzi amezijia na swali lake zinashinda nane za kutembezwa. Alama kubwa ya kozi isitolewe siku ya mwisho hotelini, kwa wasilisho lililoandaliwa usiku. Itolewe miezi kadhaa baadaye, kwa sura ya tasnifu, au utaratibu uliobadilishwa kazini, au hata maelezo ya kueleweka ya kwa nini haukubadilika. Wasajili watalalamika kwamba matokeo yanachelewa kuingia kwenye mfumo, na watakuwa na haki ya kulalamika.

Mwanafunzi hana haja ya kungoja vyuo vibadilike. Kabla hajalipa, anaweza kumwandikia mratibu na kuomba kuona ripoti ya mwanafunzi mmoja wa mwaka uliopita, kuuliza kama kuna nusu siku ambayo anaweza kuondoka kwenye kundi akaonane na mtu aliyemtafuta mwenyewe, na kuuliza nani hasa, kwa cheo, huzungumza na wanafunzi kwenye kila ziara. Mratibu mwenye kozi ya maonyesho atatuma tena kipeperushi. Mwingine, na nimewaona wa aina hiyo, atajibu kwa kuuliza kwanza tasnifu inahusu nini.